Jumatano ya Marehemu Dalmas

Kijiwe chetu cha Ngara kiko mbele ya cherehani yangu, kwenye baraza ya duka la Mhindi ambaye amechoka kutufukuza. Ni benchi moja refu la mbao, birika la kahawa la Mzee Feruzi kutoka Pumwani, na mbele yake, kila Jumatano, lori. Siku nyingine hulioni lori hilo. Jumatatu liko Kinoo linabeba mawe, Jumamosi liko kanisani au linabeba mbao, lakini Jumatano limelala hapa kama ng'ombe mgonjwa, na wenyewe tumekaa tunalitazama tukinywa kahawa na kubishana juu ya Legiko, lile baraza la kutunga sheria. Mimi wananiita Sindano. Nadhani ni kwa sababu ya kazi, ingawa mke wangu Caren anasema ni kwa sababu ya mdomo. Mwaka huu wa hamsini na tisa nimechoka na watu wazima. Nasema mapema ili usije ukaniona mkali bure.

Kampuni yetu inaitwa Kampuni ya Siku Sita. Tulikuwa watu sita, tukanunua lori moja la Bedford lililokwisha kula chumvi nyingi, na kila mtu akapewa siku yake ya juma. Jumapili lori linapumzika kwa kuwa sisi ni Wakristo. Katiba ya kampuni aliiandika karani wa wakili mmoja wa River Road, ikapigwa muhuri, na sisi tukachinja mbuzi mbele ya gurudumu. Siku ya kuandika, yule karani alituuliza, "Na mmoja wenu akifa?" Tukamrukia sote kwa makelele. Mtu gani anataja kifo mbele ya gari jipya? Hiyo si kuita ajali? Tukamwambia afute maneno hayo, naye akayafuta. Basi katiba inasema kila memba ana siku yake na memba mwingine asiiguse, halafu inanyamaza.

Dalmas, mwenye Jumatano, wala hakufa kwa gari. Aliugua mapafu, akafa kitandani kabla ya mvua za masika, tukampeleka kwao Nyanza kwa lori hilo hilo. Tangu hapo, ikifika Jumatano, ufunguo unabaki kwenye msumari ukutani kwangu, na lori halitoki.

Asubuhi ya Jumatano hii Caren alikuwa amenipa habari za Peres, mjane wa Dalmas, ambaye huuza kabeji hapa soko la Ngara. Dalmas alipokuwa hai, lori lilikuwa likimletea kabeji zake kutoka Dagoretti Corner kila Jumatano. Siku hizi anazibeba kichwani, kikapu kimoja kimoja, na meza yake inashinda tupu. Bwana soko amemwambia meza tupu haiwezi kukaa. Leo jioni isipokuwa na kabeji, atapewa mtu mwingine. Na kabeji zimeshakatwa, ziko kando ya barabara kule Dagoretti Corner, zinapigwa na jua. Nyumbani ana binti yake Lornah na wadogo zake wawili. Ilipofika saa ya chakula cha mchana, wenzangu walipoponyoka makazini, nilikaa kijiweni na neno hilo mdomoni. Sikupata pa kuliweka.

Spika alikuwa ameshaanza. Jina lake ni Shem, na Jumanne ni yake. Anapeleka chai pale kwenye jumba la Legiko, kwa hiyo anaongea kama mtu aliyechaguliwa.

Spika: Oda! Oda! Mimi nilisema tungoje. Legiko iko na mswada mpya ya makampuni. Mimi mwenyewe nilipeleka chai wakati wanaisoma.

Breki: Walikuwa wanasoma ama wanakunywa?

Huyu Breki ni Kivuva, Mkamba wa Jumatatu. Ndiye dereva wetu sote, kwa sababu sisi wengine tukishika usukani watu wanakimbilia mitaroni.

Spika: Mtu anaweza kusoma akikunywa. Nasema hivi: sheria ikipita, katiba ya kila kampuni itabadilishwa. Yetu pia. Hapo ndipo tutajua kama mjane ni memba ama si memba.

Mimi: Na mpaka hapo kabeji zifanye nini?

Spika: Kabeji gani?

Mimi: Kabeji za Peres! Ziko Dagoretti Corner, juani. Meza yake inachukuliwa leo jioni.

Spika: Sindano, tunaongea mambo ya sheria, wewe unaleta mboga.

Nilitaka kumjibu lakini Kifungu alikuwa amenyoosha kidole. Kifungu ni Nzomo, mwenye Ijumaa, karani wa stoo ya reli na katibu wa kampuni. Katiba anaitembeza kwapani, imefungwa kwa kitambaa cha meza. Hata akienda kuoga nadhani anaiweka mahali anapoiona.

Kifungu: Legiko haiwezi. Haiwezi hata kidogo. Katiba hii ni mapatano yetu na serikali. Sisi tuliweka kidole, wao wakapiga muhuri. Muhuri iko na taji. Watu wawili wakipatana, mmoja anaweza kurudi usiku abadilishe peke yake?

Breki: Mwenye nyumba wangu anabadilisha kila mwisho wa mwezi.

Kifungu: Huyo ni mwenye nyumba. Mimi nasema kampuni. Kifungu cha nne: kila memba na siku yake, mwingine asiiguse. Mwacha mila ni mtumwa!

Mimi: Maandishi ya karani wa River Road yamekuwa mila lini?

Kifungu: Tangu tupige muhuri.

Spika: Kifungu, ndugu yangu, nani alikupa ruhusa ya kuwa kampuni? Si sheria? Na sheria inatungwa wapi? Mkono uliokupa ndio unaweza kukunyang'anya.

Kifungu: Basi na jina lako wakunyang'anye, kwa sababu ni serikali iliyokuandika kwenye kipande.

Spika: Jina nilipewa na nyanya yangu!

Askofu: Wandugu, polepole. Mnaongea kama hamjui kampuni ni kitu gani.

Hapo niliegemea ukuta, maana Askofu akianza polepole huwa hamalizi. Yeye ni Were, seremala, mzee wa kanisa, mwenye Jumamosi. Anashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili kama anabariki.

Askofu: Karani alituambia nini? Alisema kampuni ni mtu. Mtu asiye na mwili. Na kwa sababu hana mwili, hafi. Mnakumbuka?

Breki: Nakumbuka. Nilitaka kutoka mlangoni.

Askofu: Sasa sikia. Kampuni haifi. Sisi ni viungo vya kampuni. Kiungo cha kitu kisichokufa kitakufaje? Kwa hiyo, ndani ya kampuni, Dalmas bado hajafa.

Mzee Feruzi alisimamisha birika hewani.

Feruzi: Nyie, si mlimzika?

Askofu: Tulizika mwili. Memba hatukumzika.

Kifungu: Ni kweli. Katika katiba jina lake bado limo.

Mimi: Kwa hiyo yuko wapi huyo memba?

Askofu: Hayupo tu. Amekosa mikutano.

Kifungu: Na hakuomba ruhusa. Kwa kweli inafaa aandikiwe barua ya onyo.

Nawaapia watu hawa wana akili. Kifungu anahesabu misumari ya reli yote bila kukosea, na Askofu amechonga milango ya nusu ya mtaa wa Kariokor. Lakini wape kahawa na neno "kampuni", utasikia wanataka kumwandikia marehemu barua ya onyo.

Mimi: Kama Dalmas bado ni memba, basi Jumatano bado ni yake. Na kama ni yake, mke wake atumie.

Kifungu: Mke si memba.

Mimi: Basi ni siku ya nani?

Kifungu: Ya memba ambaye hayupo.

Breki: Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Dalmas hayupo. Basi Jumatano haipo.

Mimi: Breki, unasema nini?

Breki: Nasema methali. Lake halipo. Lake ni Jumatano. Jumatano imekwisha. Juma sasa ni siku sita tu pamoja na Jumapili.

Nikaona mlango, nikajitia haraka kabla haujafungwa.

Mimi: Vizuri sana. Kama Jumatano haipo, baada ya Jumanne ni Alhamisi. Alhamisi ni yangu. Basi leo ni siku yangu! Breki, chukua ufunguo twende Dagoretti Corner.

Breki alikuwa ameanza kuinuka kweli. Kifungu akamkamata shati.

Kifungu: Kaa chini! Kalenda si ya kampuni. Kampuni haina nguvu ya kufuta siku.

Spika: Hapo sasa! Kufuta siku ni kazi ya Legiko. Na tena Gavana aweke sahihi.

Askofu: Siku zimeumbwa na Mungu. Legiko itaweka sahihi wapi?

Spika: Lakini Jumatano ya kampuni si Jumatano ya Mungu. Jumatano ya kampuni iko ndani ya katiba. Katiba iko chini ya Legiko. Kwa hiyo Legiko inaweza kuondoa Jumatano yetu, na ya Mungu ikabaki.

Breki: Basi Jumatano mimi nitakuwa nikivaa nguo gani?

Mimi: Utavaa gunia! Jamani, kuna mwanamke anapoteza meza yake leo!

Askofu: Mpe Alhamisi yako, Sindano. Mkono mtupu haulambwi.

Mimi: Hata yote nitampa. Lakini Alhamisi ni kesho, na meza inakwenda leo. Kesho ataweka kabeji mezani kwa nani?

Askofu: Haraka haraka haina baraka.

Mimi: Kabeji nazo mzee, zinajua methali hiyo?

Ufunguo ulikuwa unaning'inia juu ya kichwa changu. Nilikuwa nikiinua macho nauona. Nilikuwa na hasira nao kama vile ndio uliozuia lori kutoka, na kidogo nilijionea hasira mimi mwenyewe, maana mkono wangu ulikuwa unafika pale bila hata kunyooshwa.

Feruzi alimimina mzunguko wa pili. Akatuangalia, akaangalia ule upande wa benchi ulio karibu na lori, ambapo Dalmas alikuwa akikaa. Hapo hakai mtu. Hatukuwahi kupatana juu yake. Imekuwa hivyo tu.

Spika: Nyinyi hamjui ukubwa wa jambo hili. Mwaka wa hamsini mfalme alituma hati hapa, mji ukawa siti, yaani jiji. Mnakumbuka bendera zile? Ile hati ni nini? Ni katiba! Huu mji wote ni kampuni!

Breki: Mimi pia ni memba?

Spika: Wewe ni mzigo. Sikia. Legiko ikipata nguvu ya kubadilisha katiba, itabadilisha mpaka ya siti. Unalala Nairobi ni siti, unaamka Nairobi ni kijiji. Ngara hapa inarudi kuwa kinamasi.

Kifungu: Hawawezi. Ile hati ni ya mfalme.

Spika: Mfalme mwenyewe alikufa.

Askofu: Ahaa! Mfalme alikufa, na siti bado ni siti. Kwa nini? Kwa sababu kitu kama hiki hakifi na mtu!

Mimi: Subiri hapo, Askofu. Usisogee. Mfalme alipokufa, kiti chake kilichukuliwa na nani?

Askofu: Na binti yake.

Mimi: Mwanamke?

Askofu: Mwanamke.

Mimi: Na kuna mtu alingoja Legiko?

Breki alinitazama kwa heshima ambayo sijaiona kwake tangu nimshonee suruali ya harusi ambayo mpaka leo haijafika. Nikafikiri, haya, leo wamekwisha.

Kifungu: Hiyo ni Uingereza. Na tena yeye hana lori.

Mungu anisamehe, nilisimama nikakaa tena.

Mimi: Sikieni. Mwaka jana katiba ilisema lori libebe mizigo, si watu. Kweli?

Kifungu: Kweli. Kifungu cha pili.

Mimi: Na kwaya ya Askofu ikaalikwa mjini Kikuyu, ikakosa gari. Ikawaje?

Askofu: Tuliimba vizuri sana.

Mimi: Nauliza ilikwendaje!

Kifungu: Ilikwenda na lori. Tulifanya marekebisho.

Mimi: Nani aliyafanya?

Kifungu: Sisi. Hapa. Tulikula mandazi pamoja, kila mtu akasema ndiyo.

Mimi: Legiko ilikuja?

Kifungu: Ilikuwa Jumapili. Legiko ilikuwa imefungwa.

Mimi: Kwa hiyo sisi tunaweza kubadilisha!

Spika: Pointi ya oda! Wakati ule tulikuwa sita. Mandazi yalikuwa sita. Sasa memba mmoja hayupo. Nani atakula andazi la Dalmas? Akikosekana wa kusema ndiyo, ndiyo haijatimia.

Kifungu: Hapo Spika amesema sheria. Lazima memba wote.

Mimi: Dalmas amekufa! Atasemaje ndiyo?

Kifungu: Ndiyo maana ni jambo gumu.

Askofu: Penye wazee haliharibiki neno.

Mimi: Hapa wazee wamejaa benchi na neno limeoza mpaka nzi wamekuja.

Askari mmoja alipita upande wa pili wa barabara akatutazama kwa muda. Siku hizi watu wakikaa pamoja wakipaza sauti huitwa mkutano usio na kibali. Breki aliinua kikombe kumwonyesha kwamba ni kahawa tu. Askari akatikisa kichwa, akaenda. Nadhani alisikia neno "kampuni" akaona si hatari kwa serikali.

Spika alishusha sauti, na hiyo huwa dalili mbaya.

Spika: Kuna njia moja. Kwetu Nyanza mtu akifa, mjane anarithiwa na ndugu wa marehemu. Sisi kampuni si ni ndugu? Basi memba mmoja amrithi Peres, na Jumatano itamfuata kama ndama na ng'ombe.

Breki: Mke na lori, pamoja?

Spika: Siku moja ya lori.

Kifungu: Lakini huyo memba atakuwa na siku mbili. Katiba inasema siku moja.

Angalia akili ya Kifungu ilikogota. Haikugota kwa Peres. Iligota kwa siku mbili.

Askofu: Mimi nina mke wa pete.

Breki: Mimi nangojea mahari ipungue.

Spika: Mimi sikusema ni mimi. Nimetoa hoja tu.

Mimi: Spika, ukitoa hoja nyingine kama hiyo nitakushona mdomo na uzi wa magunia. Huyu ni mama aliyetupikia mbuzi wa kampuni! Mmesahau mikono iliyowapa nyama? Mnamgawa hapa kama—

Breki alinigusa goti. Wote walikuwa wanatazama nyuma yangu.

Alikuwa Peres. Sijui alisimama pale tangu lini. Kichwani alikuwa na kikapu chenye kabeji, kama nne hivi, na vumbi la barabara lilikuwa limempanda mpaka magotini. Alikuwa ametoka Dagoretti Corner kwa miguu. Alikishusha kikapu mwenyewe kabla hatujapata akili ya kumsaidia.

Peres: Hamjambo, mashemeji.

Tulimwitikia hatujambo kila mtu kwa wakati wake, kama kwaya ya Askofu.

Askofu: Karibu, Mama Lornah. Pole na jua.

Peres: Asante. Limeniweza.

Akatafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limejaa isipokuwa ule upande wa Dalmas. Akaketi hapo hapo, akanyoosha miguu, akafuta uso kwa kona ya leso. Niliona Kifungu akibana katiba kwapani. Hatukuwahi kumwambia mtu kwamba hapo hapakaliwi, na ukweli ni kwamba hatukuwa na sababu ya kumwambia. Mzee Feruzi alimpa kikombe bila kuulizwa.

Peres: Nimeacha zingine kule na mama mmoja wa Dagoretti. Anazifunika na majani. Amesema akiona jua linapinda atarudi kwake. Nimeona hii lori imesimama, nikasema wacha nipite niwaone.

Spika: Umefanya vizuri, shemeji. Tulikuwa tunaongea mambo yako. Legiko iko na mswada...

Akamweleza. Haki ya Mungu, alimweleza yote: mswada, chai aliyoipeleka, siti na kijiji. Kifungu akafungua kitambaa, akamsomea kifungu cha nne, halafu akakirudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ugumu ulikuwa masikioni mwake. Askofu akamfariji kwamba marehemu hajafa ndani ya kampuni. Peres alisikiliza yote hayo ameshika kikombe, hajakinywa. Mimi nilitamani ardhi inifunike.

Peres: Mimi sikusoma, mashemeji. Hayo ya Legiko ni makubwa. Nina swali moja tu, kisha nitawaacha. Hii lori, leo ni siku ya nani?

Kifungu: Kwa katiba, leo ni siku ya Dal—

Peres alikuwa amekaa palepale pa Dalmas, anamtazama, anangoja jina limalizike. Kifungu akakunja katiba pole pole.

Spika: Tuseme ni ya kampuni.

Peres: Kampuni ni nani? Nimwone nimwombe.

Spika alitazama kushoto akaona Breki, akatazama kulia akaona Askofu. Akakohoa.

Breki: Si ya mtu, mama. Leo si ya mtu.

Peres: Basi ni nani ameikataza kutoka?

Breki alifungua mdomo. Yeye na Askofu ndio watu wa methali, na nilimwona akizitafuta moja moja. Askofu alifumba macho, nikadhani anaomba. Barabarani baiskeli zilipita na kengele zake, muuza ndizi akapita, na sisi wanaume watano, wenye kampuni yenye muhuri wa taji, tukamsindikiza kwa macho.

Feruzi aligeuza birika juu ya makaa, likatoa matone machache yakachoma moshi.

Feruzi: Kahawa imekwisha.

Akaanza kukusanya vikombe. Kwa kawaida kahawa ikiisha tunalalamika. Leo tulimpa vikombe wenyewe.

Peres alikunywa yake yote mara moja, akamrudishia Feruzi kikombe kwa asante. Akasimama, akakibeba kikapu, lakini hakwenda upande wa soko. Alikwenda kwenye lori. Akafungua mlango wa mbele, ule wa upande wa abiria ambao lazima uuinue kidogo ndipo ufunguke, akauinua kama mtu aliyeuzoea, akapanda. Akaweka kikapu mapajani. Akatazama mbele kupitia kioo chenye vumbi, akangoja.

Kifungu: Mama Lornah... shemeji...

Peres: Nasikia, shemeji.

Kifungu akarudi hatua moja nyuma. Na nilielewa kwa nini. Kumwambia mtu ashuke lazima umwambie ashuke kwenye kitu cha nani. Yule mama alikuwa amekaa juu ya swali lake, na hakuna mtu pale aliyeweza kumteremsha.

Hapo ndipo nilipochoka kabisa, na kuchoka kwangu kulinifaa kwa mara ya kwanza. Nikainua mkono nikaung'oa ufunguo kwenye msumari, nikamtupia Breki. Akaudaka. Akautazama kama kaa la moto, akamtazama Kifungu, Kifungu akamtazama Spika, na Spika akatazama angani, ilikokuwa Legiko yake labda.

Mimi: Breki.

Breki: Naam.

Mimi: Jua linapinda.

Akainuka. Akachukua hendeli chini ya kiti, akaichomeka mbele, akazungusha. Lori likakohoa, likanyamaza. Akazungusha tena mpaka jasho likamtoka, likakohoa tena kidogo, kisha likakaa kimya kabisa. Kila Jumatano tangu mvua za masika limelala hapo; betri nayo imejifunza kulala.

Breki: Itabidi kusukuma! Mlima huu wa Ngara ukishuka itashika tu!

Niliacha suruali ya mteja chini ya sindano nikaenda nyuma ya lori. Askofu alivua koti la kazi akalikunja vizuri juu ya benchi, akaja. Spika alikuja akisema sisi tutashuhudia mbele ya bunge lolote kwamba yeye alipinga, lakini alikuwa ameshaweka bega. Hata Feruzi aliacha vikombe vyake, na yeye si memba wa kitu chochote.

Kifungu alibaki amesimama na katiba. Nilimwona akitafuta pa kuiweka. Kwapani haiwezekani kusukuma nayo, benchi lilikuwa na kahawa iliyomwagika, na ardhini hawezi. Mwishowe alikwenda mbele, akainyoosha kwa Peres dirishani.

Kifungu: Nishikie hii, shemeji. Usiikunje.

Peres aliipokea, akaiweka juu ya kabeji.

Tukasukuma, Breki akiwa kwenye usukani. Bedford ni nzito kuliko unavyofikiri wakati umekaa kwenye benchi unaibishania. Ilisogea hatua, ikakwama, ikasogea tena. Karibu na kona Kifungu alikuwa kando yangu, uso umemvimba, viatu vyake vya karani vinateleza kwenye kokoto.

Kifungu: Sindano!

Mimi: Nini?

Kifungu: Sasa hapa tunasukuma kwa kifungu gani?

Mimi: Sukuma, bwana.